"Vifo vya zaimotiki" ni vifo gani?

Ukifungua ripoti ya mganga mkuu wa wilaya ya mji huko Uingereza, ya mwaka 1905 hivi, hukosi kukutana na mstari huu: kiwango cha vifo vya zaimotiki. Neno limetoka Kigiriki, lenye maana ya kuumuka. William Farr, mtakwimu wa ofisi ya usajili wa vizazi na vifo, ndiye aliyeliingiza kwenye takwimu miaka ya 1840, wakati bado haijajulikana kwamba vijidudu ndivyo huleta magonjwa hayo. Iliaminika kwamba sumu ya ugonjwa huchachusha damu, kama kijiko cha hamira kinavyoumua beseni zima la unga wa maandazi. Nadharia ikafa, neno likabaki kwenye fomu. Ofisi ndivyo zilivyo.

Magonjwa yaliyohesabiwa yalikuwa saba: ndui, surua, homa nyekundu, dondakoo, kifaduro, kuhara, na fungu lililoitwa "homa" tu, ambamo homa ya matumbo na ile ya chawa zilikaa pamoja. Vifo vyake vilijumlishwa, vikagawanywa kwa idadi ya wakazi, kisha mara 1,000.

Hapo ndipo pa kuwa macho. Tuseme mji una watu 8,000 na wamekufa 8: kiwango ni 1. Mwaka unaofuata surua inapita kwenye shule ya watoto wadogo, inaongeza vifo 12, na kiwango kinaruka hadi 2.5. Madiwani wanaanza kuulizana habari za mitaro ya maji machafu, na surua haijali mitaro. Inasafiri kwa pumzi.

Kuhara ndiko kulikofuata majira. Kiangazi cha 1911 kilikuwa cha joto kali: samadi ya farasi mitaani, nzi tele, maziwa ya ng'ombe yaliyolala, na chupa za kunyonyeshea zenye mpira mrefu ambao hakuna aliyeweza kuusafisha ndani. Mwaka huo, England na Wales, watoto wapatao 130 katika kila 1,000 waliozaliwa walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Mwaka uliofuata, kiangazi kikiwa cha mvua na baridi, walikuwa 95 hivi.

Na kifua kikuu? Hakimo. Farr alikuwa amekiweka kwenye fungu la maradhi ya maumbile ya mtu, na hata baada ya Robert Koch kumwonyesha bakteria wake mwaka 1882, kiliendelea kuandikwa mstari wake pembeni. Mji ungeweza kujivunia zaimotiki ndogo huku wanaotema damu wakizikwa kila wiki.