Zima leya, acha ndoo ya bibi

Wiki iliyopita nilifungua faili la zamani, ukurasa wa albamu nilioutengeneza mwaka 2016, mwaka ule ambao Dodoma nzima ilikuwa inazungumzia Serikali kuhamia huku. Ni ukurasa wa bibi yangu mzaa mama. Kaketi chini nje ya nyumba yake kule Hombolo, miguu kainyoosha, anachambua zabibu. Nikahesabu leya: 41. Picha ya bibi ilikuwa leya moja. Zile 40 nyingine zilikuwa majani, utepe wa rangi ya dhahabu, vifungo, karatasi iliyochanwa ukingoni, nyota, neno "Upendo" mara tatu kwa fonti tatu tofauti, na tarehe kwa mbali kabisa, chini ya ua.

Kwa ambaye hajawahi kugusa programu ya kuhariri picha: leya ni kama karatasi za nailoni zinazoonyesha, zimepangwa moja juu ya nyingine, kila moja imebeba kitu chake. Pembeni ya kila leya pana alama ya jicho. Ukibonyeza jicho, kitu kinatoweka machoni lakini hakifutiki, ukibonyeza tena kinarudi. Basi nikaanza kuzima. Utepe, zima. Nyota, zima. Kifungo, zima. Kila nikizima moja najiuliza swali lilelile: habari ya bibi imepungua? Haijapungua, naendelea. Mkono ulisita kwa mara ya kwanza nilipofika kwenye tarehe. Hiyo nikaiacha.

Kazi yangu ni kutengeneza albamu za kumbukumbu za kidijitali hapa mjini: ubatizo, kipaimara, sendofu (sherehe ya kumuaga bibi harusi), mahafali ya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na albamu za wazee waliotangulia, ambazo familia hutaka ziwe tayari siku ya arobaini. Wanaoanza kazi hii huniuliza, "Dada, mimi nitapataje staili yangu?" Wanapouliza hivyo, mara nyingi mkononi wana simu iliyojaa vifurushi vya mapambo walivyopakua, na wanangoja niwatajie kifurushi kingine. Mimi nawapa zoezi la kuzima leya. Chukua ukurasa uliokwisha kuutengeneza, uzime kimoja kimoja hadi ufike pale ambapo kuzima kunauma. Hapo ndipo ukurasa wako ulipo.

Inasaidia pia kujua mapambo haya yalitoka wapi. Marekani na Uingereza watu walikuwa wakibandika picha, kadi na vipande vya magazeti kwenye madaftari tangu karne ya 19. Mwandishi Mark Twain alipata hataza mwaka 1873 ya daftari ambalo kurasa zake zina gundi tayari, unalowesha tu na kubandika. Kwenye karatasi kila kitu kilikuwa na kazi. Utepe ulifunga, pini ilishika, kifungo kilizuia. Hata albamu za wazazi wetu, zile za kurasa nyeusi, zilikuwa na kona ndogo za karatasi zilizoshika picha kwenye pembe zake nne. Kompyuta ilipoingia, vitu hivyo vikatengenezwa kama picha, vikatiwa na kivuli kidogo chini yake ili vionekane vina unene. Lakini kwenye skrini picha haidondoki, kwa hiyo utepe hauna cha kushika. Nilipolielewa hilo, kuuacha hakukunisumbua tena. Kivuli pia nimekiacha, isipokuwa pale picha ina rangi nyepesi inayokaribia kumezwa na bakgraundi, na hata hapo naweka chembamba, upande mmoja tu.

Mpangilio nilijifunza kwenye kanga. Kanga ina pindo linalozunguka pande zote, ina mji katikati, na ina jina, ule mstari mmoja wa maneno upande wa chini. Ni sehemu tatu, na kila sehemu inajua mahali pake. Sijawahi kuona kanga yenye majina manne. Tandika kitandani kanga ambayo mji wake una ua moja kubwa uone jicho lako linakwenda wapi. Nilipoanza kupanga kurasa hivyo, pindo langu likawa nafasi tupu, mji ukawa picha, jina likawa maelezo. Tangu hapo sikuhitaji tena kiolezo cha mtu.

Ngoja nionyeshe kwa vipimo, maana watu wengi wanakubali maneno haya halafu wakikaa mbele ya kompyuta wanakwama. Ukurasa wangu ni mraba wa pikseli, zile nukta ndogo zinazounda picha, 3600 kwa 3600. Ukichapwa kwa pikseli 300 kwa inchi, unatoka inchi 12 kila upande, yaani sentimita 30 na ushee. Naacha pikseli 300 kila ukingo bila kitu chochote, inchi nzima ya utupu. Ndani panabaki mraba wa 3000 kwa 3000. Picha ya bibi ni ya simu, ya kulala, uwiano wa 4 kwa 3, kwa hiyo nikiijaza upana wote inakuwa 3000 kwa 2250. Nikaipandisha juu hadi ikagusa pambizo. Chini pamebaki pikseli 750 za urefu, na hapo ndipo maneno yanapokaa, kushoto, yakianzia palepale ukingo wa picha unapoanzia. Huo mstari wa kushoto ambao hauonekani, unaoziunganisha picha na maandishi, unafanya kazi kuliko fremu yoyote.

Rangi ya bakgraundi si nyeupe ya karatasi. Picha zetu za kiangazi, kuanzia Mei hadi mvua zinapoanza kuelekea Desemba, zimejaa udongo mwekundu, nyasi kavu na jua kali, na ukiziweka juu ya nyeupe kabisa zinaonekana kama zimechafuka. Natumia rangi ya maziwa yenye njano kwa mbali. Rangi ya maandishi naichukua ndani ya picha yenyewe: programu karibu zote, hata GIMP ya bure, zina kifaa cha kugusa sehemu ya picha na kuchota rangi yake. Kwa bibi niligusa punje moja ya zabibu iliyokuwa kivulini, nikapata zambarau iliyokolea hadi kukaribia weusi. Msomaji hataijua ilikotoka, lakini ukurasa unashikana.

Sasa nije kwenye jambo ninalolishikilia kuliko yote. Katika ile picha, nyuma ya bibi kuna ndoo ya bluu, kandambili moja iliyopinduka, na nusu ya gurudumu la baiskeli. Siku hizi simu zenyewe zina zana ya kufuta vitu, unazungushia kidole na ndoo inaondoka kana kwamba haikuwahi kuwepo. Mimi siifuti. Ndoo ile ndiyo bibi aliyopimia zabibu misimu yote miwili ya mwaka, wa Februari na Machi na ule wa Agosti na Septemba. Ile baiskeli ni ya mjomba, na ndiyo iliyopeleka zabibu barabarani. Ukiondoa hivyo unabaki na mwanamke mzee aliyekaa kwenye udongo, mahali popote pale. Wepesi ninaoutafuta ni wa ukurasa. Maisha ya watu yana ndoo, yana kandambili, yana waya wa nguo uliopita juu ya kichwa cha bwana harusi, na ukurasa unapokaa kimya ndipo vitu hivyo vinapopata nafasi ya kuonekana. Kukata nakata: hapo niliondoa sehemu kubwa ya anga iliyokuwa nyeupe kwa jua la saa saba. Lakini nilichokata ni pembezoni. Ndani ya picha siingizi mkono.

Mtu asifikiri basi kwamba wepesi maana yake ni picha moja kila ukurasa. Kwenye sendofu huwezi. Kuna mama wakubwa, mama wadogo, mashangazi, majirani wa mitaa ya Chang'ombe na Kikuyu, na kila mmoja atatafuta sura yake. Hapo nagawa ule mraba wa 3000 kuwa vyumba tisa: vitatu kwenda, vitatu kushuka, kila chumba pikseli 960, na uchochoro wa pikseli 60 kati yao. Kila picha ni mraba wa sentimita nane hivi, sura inasomeka bila miwani, na hakuna aliyepewa chumba kikubwa kuliko mwenzake. Hilo la usawa lina uzito wake. Nimeshaona ukurasa mmoja ukileta kununiana kwa sababu shangazi wa upande mmoja alitoka mdogo kuliko wa upande wa pili.

Na kuna wakati pambizo naivunja. Niliwahi kupiga picha ya wanawake wa Kigogo wanaocheza muheme, ngoma zikiwa katikati ya mapaja, vumbi limepanda hadi magotini. Niliijaribu picha ile ndani ya pambizo, ikaonekana kama imefungwa kamba. Nikaiachia ukurasa wote, ukingo hadi ukingo, bila neno hata moja. Ukifanya hivyo kumbuka kuongeza milimita 3 kila upande kwa ajili ya kisu cha mchapaji, yaani pikseli kama 36 kwa kipimo nilichotaja. Albamu yangu ya kwanza kwa mteja ilirudi kutoka kwa mchapaji ikiwa imekatwa vibaya, herufi ya kwanza ya jina la marehemu imekwenda na ukingo. Familia ilikuwa inakuja kesho yake. Ile inchi ya utupu ninayoiacha kila upande, pamoja na uzuri wake, inatokana na siku hiyo.

Wateja wengine wanaiona nafasi tupu kama kazi isiyomalizika. "Dada, mbona huku pako wazi? Si ungeweka hata maua?" Sibishani nao. Nachapa nakala mbili ndogo za sentimita 10, moja ina maua na moja haina, nawaambia wakaziweke sebuleni siku mbili. Wengi wanarudi na ile isiyo na maua, wachache wanarudi na maua, nami nawawekea maua yao, kwenye jalada. Albamu ni ya kwao.

Jambo fupi la kiufundi: omba picha zitumwe kama dokyumenti. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida mara nyingi inabaki na pikseli kama 1600 upande mrefu, na kwa kuchapa hiyo ni sentimita 13 na nusu tu. Ukurasa wenye mapambo mengi unaweza kuficha picha mbovu. Ukurasa mtupu hauwezi.

Sasa ile staili. Chagua fonti moja, ukubwa mmoja wa maandishi, rangi moja ya bakgraundi na pambizo moja, kisha utengeneze kurasa 12 bila kubadilisha hata kimoja. Acha picha ndizo zibadilike. Ukimaliza, zipunguze zote zionekane kwa pamoja kwenye skrini, uangalie ulichokuwa unakifanya bila mtu kukuambia. Mimi nilipofanya hivyo niligundua kwamba karibu kila picha niliyochagua, mtu hatazami kamera. Anakoroga, anafunga kilemba, anahesabu pesa, anamfuta mtoto pua. Nilikuwa natafuta staili kwenye fonti, kumbe ilikuwa kwenye folda la picha nilizozipenda. Tangu nilijue hilo, hata ninapopiga nangoja watu wamalize kutabasamu kwanza.

Maneno ndiyo yanayonichukua muda mrefu. Picha tayari inasema bibi kakaa, ina maana sina haja ya kuandika "Bibi akiwa amekaa". Naandika kile ambacho picha haiwezi kukisema: ilikuwa wapi, lini, nani alikuwa anaongea pembeni, nini kilifuata. Mistari miwili, mitatu ikizidi. Wakati mwingine neno moja linatosha. Kuna ukurasa wa familia imesimama mlangoni mwa tembe, wote wamegeukia njia wageni wanakotokea, na chini yake nimeandika "Mbukwenyi" peke yake, salamu ya Kigogo. Mgogo yeyote akiufungua anaitika.

Kwa bibi nilikuwa nimeandika: "Bibi akichambua zabibu za kuuza. Hombolo, Agosti 2016." Nikamtumia mama mdogo ukurasa mpya aupitie, kwa sababu siku ile alikuwepo. Akanipigia. "Mwanangu, hizo si za kuuza. Za kuuza zilikwenda asubuhi na baiskeli. Hizo mama alikuwa anawachagulia ninyi mbebe mjini, zilizopasuka anakula mwenyewe."

Nikabadilisha. Sasa inasomeka: "Za kuuza zimekwenda asubuhi. Hizi anatuchagulia sisi. Hombolo, Agosti 2016." Leya zilizobaki ni tatu: bakgraundi, bibi na ndoo yake, na maneno hayo.