Swali la Dini Lisilo na Darasa

Nimefundisha Uraia, kisha nikawa mthibiti ubora wa shule. Zamani tuliitwa wakaguzi, na walimu bado wananong'onezana jina hilo wakituona tunashuka kwenye gari. Kila linapotokea jambo lenye harufu ya dini hapa Tanga, au ng'ambo ya Horohoro, mpakani na Kenya, wazazi hunijia na ombi moja: mwambie mkuu wa shule apige marufuku mazungumzo ya dini shuleni. Wanaomba kwa nia njema, wanawahofia watoto wao. Mie sikubaliani nao. Naona tunakomea mlango ambao mwizi hapitii.

Tuanze na sheria, maana hapo ndipo wengi wanapochanganya. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 3, inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyokuwa na dini. Wapo wanaosikia hivyo wakadhani serikali imemkana Mungu. Wakiendelea kusoma hadi ibara ya 19 wangekuta kila mtu ana uhuru wa kuamini dini aitakayo na hata kuibadili, kwamba kutangaza dini ni hiari ya mtu, na kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni. Ya 30 ndiyo inayoweka mipaka: haki yako usiitumie kuvunja ya mwenzako wala kuhatarisha maslahi ya umma.

Kwa hiyo nchi yetu kutokuwa na dini hakufanani na kwa Wafaransa. Kule, sheria ya mwaka 2004 inamkataza mwanafunzi wa shule ya umma kuvaa hijabu, kilemba cha Kalasinga au msalaba mkubwa. Hapa kwetu binti anaingia darasa la serikali na hijabu yake, ratiba ina kipindi cha dini, ustadhi anakuja, katekista anakuja, na kidato cha nne mtoto anaweza kufanya mtihani wa taifa wa Elimu ya Dini ya Kiislamu au wa Maarifa ya Biblia.

Watu wa Tanga tuna historia ndefu na jambo hili. Shule ya serikali ya Wajerumani ilianzishwa mjini hapa mwanzoni mwa miaka ya 1890, na haikuwa ya misheni, kwa sababu Waislamu wa pwani hawakuwa tayari kuwakabidhi wamisionari watoto wao. Ilitoa makarani na walimu, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikachapisha gazeti la Kiswahili, Kiongozi. Huku mjini yakiwa hayo, Waanglikana walikuwa Magila, Muheza, na Walutheri wakajenga Usambara. Nchi nzima ikafuata mkondo huo, kanisa lilipo na shule ipo, na ndiyo maana serikali ya Mwalimu Nyerere ilitunga sheria mwaka 1969 na kuzitaifisha shule nyingi za mashirika ya dini. Pengo halikuzibika kwa siku moja. Malalamiko ya Waislamu kwamba waliachwa nyuma kielimu bado yapo, na makubaliano ya mwaka 1992 baina ya serikali na makanisa kuhusu huduma za jamii bado yanatajwa misikitini. Hayo ni malalamiko ya kiraia, yanataka takwimu na majibu. Lakini sensa zetu hazijauliza dini ya mtu tangu ile ya mwaka 1967. Sababu yake naielewa, na gharama yake ni kwamba kila mhubiri ana takwimu zake za mfukoni. Mwaka 2012 baadhi ya Waislamu waligoma kuhesabiwa kwa ajili ya jambo hilo hilo.

Sasa ingia shuleni siku ya kipindi cha dini. Kengele ikigonga, darasa linagawanyika. Hawa wanaelekea chini ya mwembe, wale wanabaki chumbani, na mtoto wa Kihindu, kama yupo, anatumwa maktaba au anapewa ufagio. Ustadhi anafundisha watu wake vizuri. Katekista naye hivyo hivyo. Sina ugomvi nao. Shule za bweni zina TAMSYA kwa Waislamu, UKWATA, TYCS na CASFETA kwa Wakristo, na vijana wengi wamekingwa na balaa kwa kuwa ndani ya vikundi hivyo. Ila kote huko mtoto yuko na wa kwao tu. Hakuna saa hata moja katika wiki ambapo anaisikia dini ya mwenzake ikielezwa na mwenye nayo.

Mtaniambia Uraia, enzi zangu za ualimu, ulifundisha kuvumiliana. Ulifundisha, tena kwa Kiingereza. Mtoto wa kidato cha pili alikariri maana ya uvumilivu wa kidini kwa lugha ambayo hawezi hata kuombea ruhusa ya kwenda chooni bila kujikwaa, akaandika hoja zake tano, akapata alama, basi. Mdahalo wa shule nao ni kwa Kiingereza, na mada ni zile zile za tangu nikiwa mwanafunzi: elimu ni bora kuliko pesa, maisha ya kijijini ni bora kuliko ya mjini, mwalimu ni bora kuliko daktari. Hiyo ya daktari nimeisikia hadi naweza kutetea pande zote mbili nikiwa usingizini. Jioni kijana yule yule anarudi Makorora au Duga, anafungua simu, anamkuta mtu anayemjibu kwa Kiswahili kitamu, aya mkononi au mstari mkononi, hasiti, na hakuna wa kumpinga. Wewe ungekuwa na miaka kumi na sita ungemsikiliza nani?

Maswali yenyewe wanayo. Nikiwa mwalimu niliweka sanduku, wakawa wanatumbukiza vikaratasi bila majina. Msiba wa babu, upande wa mama wanaimba pambio na upande wa baba wanasoma hitima, mie nikae wapi? (Huyo alikuwa Mbondei, sikuhitaji jina. Kwao mjomba Yohana na shangazi Mwanaidi wanakula sinia moja.) Mchungaji kasema nimeshapona kwa maombi, niache dawa? Mtu akimtukana Mtume nikampiga, nina dhambi? Na hili, lililoandikwa kwa kalamu nyekundu: serikali isiyohukumu kwa Kitabu, kuitii ni halali? Mwalimu wa kawaida akiulizwa hili la mwisho atasema kaa chini, hilo halimo kwenye muhtasari. Mtoto anakaa. Swali haliketi naye, linakwenda kumtafuta mtu mwingine.

Oktoba 2012, Mbagala, Dar es Salaam, watoto wawili walibishana juu ya msahafu, mmoja akaukojolea. Kilichofuata ni vurugu na makanisa kuchomwa. Tulijadili sana polisi, tukajadili viongozi wa dini, tukajadili adhabu. Mie nilibaki na ule ubishi wenyewe. Ulikuwa ubishi wa dini baina ya watoto wa dini mbili, na haukuwa na mtu mzima ndani yake. Tukiwakataza watoto kuzungumza dini mbele yetu, tunachokikataza hasa ni sisi kuwapo wanapozungumza.

Hapa wazazi huniuliza kama kumpinga mtu wa dini nyingine si kosa la jinai. Kanuni ya Adhabu kweli ina sura nzima ya makosa ya dini. Kifungu cha 125 kinahusu kuharibu au kunajisi vitu na mahali patakatifu kwa nia ya kukashifu dini ya watu, cha 126 kuvuruga ibada. Kinachotisha watu ni cha 129, kutamka maneno kwa makusudi ya kuumiza hisia za dini za mtu mwingine. Kwa kifungu hicho Hamisi Rajabu Dibagula alishtakiwa Morogoro baada ya kusema hadharani, katika mhadhara wa dini, kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Mahakama ya wilaya ikamfunga miezi 18. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Rufani, na mwaka 2003 jopo chini ya Jaji Mkuu Barnabas Samatta likaifuta hatia. Kwa lugha ya darasani, hoja iliyobeba hukumu ni hii: kifungu cha 129 kisomwe pamoja na ibara ya 19 ya Katiba, na upande wa mashtaka uthibitishe kwamba msemaji alikusudia kuumiza. Kueleza imani yake, hata kama inakana ya mwingine, hakutoshi kumfunga.

Nawafundisha walimu kesi hii kwa sababu inaondoa woga. Fikiri kidogo. Muislamu akisema hapana mola ila Allah, amekwisha kuupinga Utatu. Mkristo akikiri imani yake Jumapili, amekwisha kukana anachokisoma jirani yake Ijumaa. Kama kupingana ni jinai, tutawakamata watu wakiwa kwenye ibada. Kusimama nje ya kanisa na kipaza sauti wakati wa misa ni habari nyingine kabisa, na kumtangazia mtu kwamba damu yake ni halali ni habari nyingine zaidi. Mstari upo. Walimu wengi hawajui uko wapi, kwa hiyo wanakaa nao mbali maili nzima.

Sheria nazo zina mzaha wake. Wenye blogu tunakumbuka kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, zilizotudai leseni na ada. Anayeandika kwa jina lake na anwani yake alitafutwa, na yule mwenye sauti isiyo na jina inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp akaendelea kuzunguka.

Nani basi ni mwenye msimamo mkali? Baada ya mapigano ya Februari 2015 baina ya vyombo vya dola na watu wenye silaha kwenye eneo la Mapango ya Amboni, hapa Tanga, ambako askari wa JWTZ aliuawa, kijana mwenye ndevu na suruali fupi akipanda daladala watu walisogea. Huo ni upofu. Ndevu hazijamdhuru mtu, na mtu kufunga Jumatatu na Alhamisi ni baina yake na Mola wake. Kipimo changu ni kama anamwachia mwingine haki ya kubaki tofauti naye, na kama anaona nguvu ni njia ya halali ya kuifuta tofauti hiyo. Kwa kipimo hicho hakuna dini iliyosalimika. Boko Haram ya Nigeria ilijengwa juu ya fundisho kwamba elimu ya kizungu ni haramu, na mwaka 2014 ikateka wasichana 276 wa shule ya Chibok. Shakahola, huko Kilifi, pwani hii hii yetu, miili zaidi ya 400 ya waumini walioambiwa wafunge hadi kufa ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023, na mahubiri ya kiongozi wao, Paul Mackenzie, kabla ya hapo yalikuwa yakiwataka wazazi wawatoe watoto shuleni. Mmoja anasoma Kurani na mwingine Biblia, na wote wawili wanaanza kwa kulikimbia darasa lenye watoto mchanganyiko. Naamini wanajua wanachokikimbia.

Nilichokuwa nikifanya ni mdahalo wa Kiswahili, ustadhi na katekista wakiwa wamekaa meza moja. Kila mtu anasema "sisi tunaamini", hakuna wa kusema "nyie mnaamini". Ukiwa na swali juu ya dini ya mwenzako unamuuliza yeye, na andiko linasomwa na mwenye nalo, kuanzia juu hadi chini, bila kukatwa katikati. Simu zote zinabaki ofisini, maana kipande cha sekunde thelathini kinaweza kuchoma mtaa. Na hakuna kura mwishoni. Hili la kura ndilo linalotenganisha mdahalo huu na ile mihadhara ya viwanjani ya miaka ya themanini na tisini, ambapo watu wenye Biblia na Kurani mikononi walikuja kushinda na umati ulikuja kushangilia. Kinapokosekana kikombe cha kushindania, sauti hushuka zenyewe.

Si kwamba hauna hatari. Mwalimu mmoja aliyeuiga aliandikiwa barua na mzazi kwamba anawabatiza watoto, akatakiwa kutoa maelezo kwa maandishi. Alionekana hana kosa, na hajaufanya tena. Simlaumu. Bila mkuu wa shule kukubali kwa maandishi, na bila wazazi kuambiwa kikaoni kabla ya siku yenyewe, mwalimu atabaki peke yake.

Lile swali la kalamu nyekundu lilipofika mezani, ustadhi alilichukua yeye. Akazungumzia ahadi, kwamba Muislamu aliyefungamana na watu wa nchi yake kwa mkataba, mkataba unamfunga. Katekista akamwongezea barua ya Paulo kwa Warumi, sura ya 13, na hapo hapo akaulizwa na Mkristo mwenzake kwa nini basi mitume walikataa kunyamaza walipoamriwa na wakuu. Yule kijana (tulishamjua, uso ulimtoa) hakuridhika. Aliuliza mara ya pili, akajibiwa, akauliza ya tatu, na chakula cha mchana kikapoa.

Kwa mwalimu anayetaka kujaribu: chagua Alhamisi mchana. Ijumaa Waislamu wanawahi msikitini, na Jumamosi, siku ambayo shule nyingi za bweni hupenda kuweka midahalo, Wasabato hawapo. Mie Wasabato walinikumbusha wenyewe, kwa kikaratasi.