Hiyo grisi ya beringi, iache kwenye beringi

Wiki hii nimeisikia tena, na safari hii kwa fundi ninayemheshimu: "Grisi ni grisi tu, mradi istahimili moto." Aliyasema hayo akiwa amesimama kando ya Noah iliyoletwa gereji kwangu kutoka Masasi. Rimu ya mbele kushoto haigusiki, pedi ya ndani imebaki bati, ya nje bado ina nyama ya kutosha. Kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, hutelezea juu ya pini mbili, na ya chini nimeitoa kwa nyundo. Na grisi ilikuwemo, tena tele, ya buluu, haijaungua wala kukauka. Grisi ya beringi.

Kuhusu moto sibishani naye. Grisi ya kawaida ya lithiamu huanza kudondoka karibu na nyuzi 180 au 190, ile ya lithiamu kompleksi hufika 260 hivi, na pini ya gari dogo linalozunguka Shangani na Ligula, hapa Mtwara mjini, haipati joto la namna hiyo. Kwa moto tu, imefaulu. Shida ni mpira. Pini ina boti, yaani kimfuko cha mpira cha kuzuia vumbi, na magari mengi ya Kijapani yana bushi ndogo ya mpira kwenye ncha ya pini moja kati ya mbili. Mpira huo kwa kawaida ni EPDM, jamii moja na sili zinazokaa ndani ya mafuta ya breki. EPDM na mafuta ya breki wanapatana, maana hayo asili yake ni glaikoli. Lakini mafuta ya petroli, yaani yatokanayo na mafuta ghafi ya ardhini, kama ya injini au yaliyomo kwenye grisi ya beringi, EPDM huyanywa, ikavimba na kulainika. Bushi iliyovimba ndani ya tundu la chuma haina pa kwenda. Inaikaba pini, kalipa haitelezi tena, pedi moja inafanya kazi ya mbili na haiachii diski.

Ukiwa mjini utaona tu gari linavuta upande mmoja na mafuta yanaisha haraka. Ukiteremka mlima kutoka Newala ndipo utajua. Joto la diski linahamia kwenye pistoni na mafuta ya breki: DOT 3, daraja moja la mafuta hayo, ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205, lakini ikishavuta maji kiwango chake ni 140 tu. Yakichemka, pedali inazama mpaka kwenye zulia.

Asiyeamini akate boti kuukuu vipande viwili. Kimoja akizamishe kwenye mafuta ya injini, kingine kwenye mafuta ya breki, aviache siku kadhaa. Cha mafuta ya breki kitatoka kama kilivyoingia. Kile kingine atakikuta kimenenepa, akikiminya kinabonyea kama bibo lililoiva. Vijana wa hapa nimewaonyesha, na bado kuna mmoja anashikilia kwamba boti ilikuwa feki.

Sasa wanaonichosha zaidi ni wa upande wa pili, waliosoma nusu. Hao wameshika kwamba lithiamu inakula mpira, kwa hiyo silikoni tu, basi. Jamani, lithiamu haina kosa! Grisi ni mafuta yaliyoshikwa na sabuni yasitiririke. Lithiamu ndiyo hiyo sabuni. Kinachovimbisha mpira ni mafuta yaliyoshikwa, si kilichoyashika. Toyota wenyewe, kwenye vitabu vyao vya matengenezo, kwa pini hizi wanataja grisi ya glaikoli yenye sabuni ya lithiamu. Umeona? Lithiamu na glaikoli kwenye kopo moja. Kwa hiyo aliyeona "lithiamu" akatupa kopo na aliyeona "lithiamu" akapaka, wote wamesoma neno lisilohusika. Tafuta mafuta ya msingi. Yakiwa silikoni, glaikoli au PAG (ndugu wa glaikoli), na kopo limeandikwa ni la breki na mpira, paka. Kopo likisema "kwa matumizi yote" na kunyamaza, lihesabu kuwa ni la petroli. Rangi usiiulize kitu, hiyo kila kiwanda kinatia yake. Na ule unga mweusi wa molibdeni unaotiwa kwenye baadhi ya grisi nao hauna ubaya wala utakatifu. Yanayoamua ni mafuta uliomo.

Mengine nayapita haraka. Grisi ya kopa iishie mgongoni mwa pedi. WD-40 itakusaidia kuilegeza pini iliyoshika kutu, halafu inakauka na kukuachia utando mwembamba usiofanya kazi ya grisi. Mafuta ya mgando, ndiyo, nimeyakuta humo, nayo ni ya petroli. Mafuta ya breki hayadhuru mpira, ila ni mepesi na yanavuta unyevu. Kwa mji wa bahari kama huu, kutu umeialika mwenyewe.

Kiasi: kidogo! Tundu la pini limezibwa upande mmoja. Ukilijaza grisi, sukuma pini kwa dole gumba uone: inaingia, ukiachia inarudi, maana hewa na grisi vimenaswa nyuma yake. Mimi hupaka utando ambao chuma bado kinaonekana chini yake, na kidogo kwenye mdomo wa boti. Kabla ya hapo grisi ya zamani itoke yote kwa brek klina na kitambaa, mpaka kitambaa kitoke safi. Bushi iliyovimba badilisha, grisi nzuri hairudishi mpira nyuma. Pini yenye bushi irudi kwenye tundu lake. Ni juu au chini kutegemea gari, kwa hiyo weka alama unapofungua.

Silikoni nayo haina kinga ya kila kitu. Zipo boti za mpira wa silikoni, na grisi ya silikoni juu yake huivimbisha. Boti za dukani zinakuja kwenye mfuko usio na maandishi, na kwa macho hakuna anayeweza kuzitofautisha, hata mimi. Seti ikija na kipakiti chake cha grisi, natumia hicho hicho.

Vitabu vinasema kagua pini unapobadilisha pedi. Hapa pwani nafungua mapema zaidi na lawama naipa chumvi. Lakini magari ya Newala, juu kule mbali na bahari, nayo yanakuja yamekwama, na hapo nalaumu vumbi. Huenda ni chumvi, huenda ni vumbi, huenda ni sisi mafundi.

Wenye malori ya korosho, msiniulize pini: mengi yenu ni breki za upepo na ngoma, hizi hamna. Njooni kabla ya minada ya Oktoba tuangalie laini zinazosugua ngoma na kamu zinazozisukuma.