Basi likitembea tupu, hasara ni ya nani? Maana ya konsesheni ya huduma

Dereva na makanga wa matatu ya Mtwapa wanajua kuwa hesabu ya tajiri haisubiri. Abiria wajae au wakosekane, jioni mwenye gari anataka pesa yake ile ile, na kinachobaki ndicho chao. Dereva huyo akiwekwa kwa mshahara, siku mbaya inamhamia tajiri. Konsesheni ya huduma nayo inasimama hapo hapo: hasara ikitokea, inamwangukia nani?

Ni mkataba ambao serikali au kaunti inaikabidhi kampuni huduma ya umma, tuseme mabasi ya umeme ya kuzunguka kisiwani Mombasa, na malipo ya kampuni yanakuwa ile haki ya kuiendesha na kutoza nauli, wakati mwingine na ruzuku juu yake. Nauli isipotosha, ni shauri yake. Katika zabuni ya kawaida kaunti ingenunua mabasi, ikalipa bei iliyokubaliwa, na muuzaji akaenda zake. Mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa 2014 kuhusu konsesheni hauzungukizunguki: hatari ya uendeshaji isipohamia kwa mwendeshaji, hiyo si konsesheni, hata jalada liseme vipi.

Leseni ya matatu ni kitu kingine tena. Hasara yote inabaki kwa mwenye gari na watu wake, ndiyo, lakini hakuna aliyemkabidhi huduma. Akiona saa nne usiku hailipi, analaza gari, na wewe wa Bamburi utajijua. Mwenye konsesheni hana ruhusa hiyo: ratiba, njia na aina ya magari vimo kwenye mkataba. Ndiyo maana miji inayotaka usafiri usiochafua hewa huupenda mkataba huu.

Shida ni kwamba njia nyingine hazilipi kamwe. Chukua feri ya Likoni, ambapo magari hulipa na waendao kwa miguu huvuka bure. Mwekezaji wa chombo cha watembea kwa miguu atakusanya nini? Itabidi serikali imlipe kwa kila siku ambayo chombo kiko tayari, na hapo hatari ya kukosa abiria imemtoka. Vivyo hivyo akiahidiwa kiwango cha chini cha mapato. Kwa maoni yangu hiki cha malipo ya uhakika ndicho kifungu cha mkataba cha kusomwa kabla ya vingine vyote, kwa sababu kinaweza kuurudisha mzigo wote kwa mlipa kodi huku faida ikibaki kwa kampuni. Kanuni ya Ulaya ya 2007 kuhusu usafiri wa abiria inakubali fidia kwa njia zisizolipa, ila isipite gharama halisi na faida ya kiasi.

Kwetu Kenya, Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Zabuni za kawaida zinafuata sheria ya 2015. Ubia wa serikali na kampuni binafsi una sheria yake ya 2021, ambayo inaruhusu hata kampuni kuja na pendekezo lake yenyewe. Si vibaya, lakini anayeandika swali la mtihani hakosi kujua jibu, kwa hiyo uwazi hapo ni lazima uwe mkali zaidi.

Muda nao ni pesa. Ulaya, konsesheni ikizidi miaka mitano, urefu wake usipite muda unaohitajika kurudisha mtaji na faida ya haki. Barabara ya Nairobi Expressway, iliyofunguliwa 2022, ilitolewa kwa miaka 27. Reli ya zamani kutoka Mombasa hadi Uganda ilikabidhiwa Rift Valley Railways mwaka 2006 kwa miaka 25. Kufikia 2017 mkataba ulikuwa umevunjwa, na treni zikarudi mikononi mwa serikali.