Kabla ya hadubini, muulize alihamia lini

Kazi yangu ni kufuatilia haya magonjwa yasiyopewa kipaumbele, kichocho, minyoo, matende na mabusha, vikope, na hakuna sehemu inayonitoa jasho kama vijiji vya watu waliohamishwa. Sio kwamba wao ndo wanaumwa kuliko wote, ila namba zao zinadanganya kirahisi mno.

Chukua ugawaji wa dawa. Kwa kichocho lengo ni angalau 75% ya watoto wa umri wa shule wameze. Tuseme daftari lililoandikwa siku ya kuhama lina watoto 1,000, wewe umewapa 800, unaandika 80% na bosi anafurahi. Sasa tembea nyumba kwa nyumba uone, kuna waliowafuata ndugu zao, kuna waliokuja kutafuta shamba, kumbe watoto wako 1,400, yani ile 80% ni 57% tu na ugonjwa unaendelea zake kama kawa. Na ukiona ripoti ina asilimia mia na ushee ujue ni tatizo lilelile, waliomeza wamezidi walioandikwa kwenye daftari. Kwa hiyo mimi siku ya kwanza sifungui boksi la vifaa kabisa, nahesabu watu.

Halafu kwenye fomu naongeza maswali mawili, ulihamia lini na umetoka wapi. Watu wa data huwa wananuna, fomu inarefuka, lakini bila hayo sijui majibu ya maabara yanasema nini. Mnyoo wa kichocho ukiingia mwilini unachukua kama mwezi na nusu au zaidi ndo uanze kutaga, na ukishakomaa unaishi miaka kadhaa. Mtoto aliyefika wiki tatu zilizopita akikutwa na mayai, kaja nayo. Wa miaka minne aliyezaliwa hapohapo na hajawahi kutoka akikutwa nayo, basi maji ya hapo yana shida, twende tukatafute konokono wa majini wanaoeneza kichocho.

Ila aliyekuja nayo usimpuuze, maana akikojoa au kujisaidia karibu na mfereji wenye konokono wanaofaa anaanzisha mzunguko mpya. Miradi ya maji ndo hatari zaidi hapa. Senegal walimaliza bwawa la Diama 1986, maji ya chumvi yakazuiwa kupanda mtoni, konokono wakashamiri, na 1988 kichocho cha tumbo kikaibuka mji wa Richard-Toll ambako kabla ya hapo hakikuwa kinajulikana.

Vipimo vyenyewe ni vya kawaida tu. Mkojo tunachukua kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai yanatoka kwa wingi muda huo, tunachuja mililita 10. Kinyesi ni Kato-Katz, yani unapaka kinyesi kidogo kwenye slaidi na kukiangalia kwa hadubini, miligramu 41.7, ukihesabu mayai unazidisha kwa 24 unapata idadi kwa gramu. Kinachosahaulika ni mayai ya minyoo ya safura, ukichelewa zaidi ya saa moja hivi yanapotea kwenye slaidi, na vijiji hivi mara nyingi viko mbali na maabara, sasa timu inapakia slaidi kwenye gari, zinasomwa jioni, safura sifuri! Hadubini iende kijijini, basi.

Matende ndo yana mtego wake. Tathmini ya kuona kama maambukizi yamekatika inapima watoto wa miaka 6 na 7, kwa sababu kama mbu wa eneo hilo hawaambukizi tena, watoto wadogo hivyo hawatakiwi kuwa nayo. Sasa huyu wa miaka 6 kahamia mwaka jana, kipimo kimesoma chanya. Ukimhesabia kijiji kipya unaweza kukibebesha kosa lisilo lake, wakati huenda aliambukizwa kule alikotoka. Hapo nawapigia simu watu wa kule, na mara nyingine unakuta wenzetu walishafunga faili wakidhani maambukizi yameisha.