Heshima na sadaka: yanayosemwa sana na yaliyoandikwa

Mambo haya mawili hayakosekani katika mahubiri, na labda ndiyo maana yamebeba maneno mengi ambayo ukiyatafuta kwenye Maandiko huyaoni.

Dhana: Heshima ni deni la mdogo kwa mkubwa.

Mtoto kwa mzazi, mke kwa mume, muumini kwa mchungaji, basi. Ni kweli amri ya kuwaheshimu baba na mama ipo (Kutoka 20:12), na Paulo anasema wazee wanaoongoza vema wanastahili heshima maradufu. Lakini katika sura hiyo hiyo, 1 Timotheo 5, kabla hajawafikia wazee ameshaagiza wajane waheshimiwe, na anachozungumzia hapo ni kuwatunza, si kusimama tu wanapopita. Petro naye hakubagua: "Waheshimuni watu wote" (1 Petro 2:17). Mfalme yumo katika mstari huo, ila ametajwa mwisho.

Halafu kuna Yohana 13. Aliyejifunga kitambaa na kuinama kuosha miguu ni Bwana mwenyewe. Petro akakataa, akidhani anamlindia mkubwa wake hadhi, akaambiwa kwamba asipooshwa hana shirika naye.

Dhana: Ukishamtolea Mungu, wa nyumbani watasubiri.

Hapa ndipo heshima na sadaka hukutana, na ndipo wengi hujikwaa. Katika Marko 7 Yesu anataja desturi ya Korbani: mtu anatangaza mali yake kuwa wakfu kwa Mungu, kisha wazazi wake wakihitaji msaada anawaambia kile ambacho kingewafaa kimeshawekwa wakfu. Hakuna aliyeiba hapo. Mbele za watu ni mcha Mungu aliyeweka nadhiri. Yesu anasema kwa njia hiyo wanalitangua neno la Mungu.

Korbani bado ipo, jina tu ndilo limebadilika. Mtu anasimama kanisani anatoa ahadi nono, anapigiwa makofi, na jioni mama yake akipiga simu kuhusu dawa anajibiwa, "Mama, tuombe." Paulo alikuwa mkali zaidi yangu: asiyewatunza walio wake ameikana imani, tena ni mbaya kuliko asiyeamini (1 Timotheo 5:8).

Dhana: Sadaka kubwa hufuta dhuluma.

Mathayo 5:23-24 inatosha: iache sadaka mbele ya madhabahu, nenda kwanza ukapatane na ndugu yako.

Dhana: Sadaka isiyouma si sadaka.

Anayetajwa hapa kila mara ni Daudi, aliyekataa kupewa bure kiwanja cha Arauna cha kupuria nafaka akakinunua, pamoja na ng'ombe, kwa shekeli 50 za fedha, kwa kuwa hakutaka kutoa kisichomgharimu (2 Samweli 24:24). Sawa. Ila Daudi alikuwa mfalme, na hakuna aliyemkamua.

Kwa asiye nacho, torati ilishusha kiwango. Mambo ya Walawi 5 inasema asiyemudu mwana-kondoo alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa, na asiyemudu hao alete sehemu ya kumi ya efa (kipimo cha nafaka) ya unga. Mama aliyejifungua naye aliruhusiwa kuleta ndege kama hana uwezo wa mwana-kondoo, na Luka 2:24 inawataja ndege hao pale Yusufu na Mariamu walipompeleka mtoto hekaluni. Paulo akiwachangisha Wakorintho anasema nia hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si asivyo navyo, na kwamba hataki wengine wapate raha wao wapate dhiki.

Na mjane aliyetoa senti mbili, yote aliyokuwa nayo, je? Yesu alimsifu, ila hakuwaagiza wajane wengine wamalize akiba zao. Tena wanaomsoma mjane huyu ili kujaza kapu wangeanzia Marko 12:38, mistari michache kabla yake, wawasikie viongozi wa dini wakilaumiwa kwa kula nyumba za wajane.

Dhana: Kila mateso ni msalaba, usiyakimbie.

Hapa sadaka inayodaiwa ni mtu mwenyewe. Barua ya kanisa la Smirna juu ya kifo cha Polikarpo, askofu wake, katika karne ya 2, inamtaja mtu mmoja, Quintus wa Frigia. Alijipeleka mwenyewe kwa watesi, akawashawishi na wengine, na alipowaona wanyama wakali akaishiwa nguvu, akatolea miungu sadaka. Kanisa likaandika wazi kwamba haliwasifu wanaojisalimisha wenyewe. Polikarpo, ambaye ndiye tunamwita shahidi, alikubali kwanza kuondoka mjini akajificha shambani, kisha akahamia shamba jingine. Alipokamatwa, aliagiza waliokuja kumchukua wapewe chakula, akaomba saa moja ya kusali. Kumkana Kristo ndiko alikokataa, na hilo likamgharimu uhai.

Paulo naye alishushwa ukutani Dameski ndani ya kapu (Matendo 9:25), na alipofungwa tayari kwa mijeledi alimuuliza akida kama ni halali kumpiga raia wa Rumi ambaye hajahukumiwa (Matendo 22:25). Sheria ilikuwepo, akaitumia. Kwa hiyo mke anayepigwa nyumbani na kuambiwa "huo ndio msalaba wako" anapotoka na kwenda kushtaki, hajaasi imani. Ushauri aliopewa ndio usio na andiko.