Umri wa kuishi: wastani wa nani?

Pensheni ikitajwa barazani, iwe Majengo au Mwembe Tayari hapa Mombasa, hakosekani mtu wa kupiga hesabu hii: sensa ya 2019 ilisema mwanamume wa Kenya anaishi miaka 60.6, mtumishi wa serikali anastaafu akiwa na 60, kwa hivyo atakula pensheni miezi saba tu, kisha maziko. Watu wakacheka, muuza kahawa akaongeza vikombe, mjadala ukaishia hapo. Huyo mpiga hesabu, kutoa ametoa sawasawa. Ila hizo namba mbili hazitoani.

Wastani wa umri wa kuishi hupatikana hivi. Chukua uwezekano wa kufa katika kila umri kama ulivyo wakati huo, kuanzia mchanga hadi mkongwe. Fanya kama kundi la watoto waliozaliwa leo litapitia viwango hivyo hivyo maisha yao yote, jumlisha miaka watakayoishi, gawa kwa idadi yao. Kwa wanaume ilitoka 60.6, kwa wanawake 66.5. Basi. Na kwa kuwa viwango vya kufa hubadilika, hata kwa hao watoto wenyewe huo si utabiri.

Linaloniudhi ni kwamba hiyo ni hesabu ya tangu kuzaliwa, na hilo "tangu kuzaliwa" halifiki barazani kamwe. Likishadondoka, wastani unageuka kuwa tarehe ya kufa.

Mkanganyiko huu ni wa zamani. Mwaka 1662, John Graunt, muuza vifaa vya nguo wa London, alichapisha kitabu kuhusu orodha za vifo za mji wake, ndani yake mkiwa na jedwali dogo ambalo sehemu yake alikisia tu. Katika watoto 100, anasema, 36 watakufa kabla ya kutimiza miaka 6. Watakaofika 16 ni 40. Watakaofika 26 ni 25, kisha 16, 10, 6 na 3 kwa kila miaka kumi inayofuata, hadi anabaki mmoja wa kufika 76.

Mwaka 1669 ndugu wawili Waholanzi, Lodewijk na Christiaan Huygens, walilijadili jedwali hilo kwa barua. Lodewijk alijumlisha miaka yote, akagawa kwa 100, akapata 18 na kidogo. Christiaan, yule yule aliyebuni saa ya pendulumu, akaja na kama 11: huo ndio umri ambao mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuufikia. Wote wawili walikuwa sahihi. Mmoja alitafuta wastani, mwingine umri ambao, ukifika, nusu ya kundi wamekwisha kufa. Mtoto mmoja akifa siku ya kwanza na mwenzake akafa na miaka 80, wastani wao ni 40, na hakuna aliyezikwa akiwa na 40.

Sasa chukua wale 40 tu waliofika miaka 16, urudie hesabu ya Lodewijk kwa kalamu yako. Utaona wamebakiwa na miaka 20 hivi kwa wastani, yaani watafika 36. Kwa hiyo jedwali moja limetoa 11, 18 na 36. Hakuna dawa iliyogunduliwa hapo katikati, wala hakuna aliyeongezewa hata siku moja. Kilichobadilika ni nani anayehesabiwa.

Kwetu mambo ni yale yale, ingawa si makali kama ya London ile. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2003 ulikuta watoto 115 katika kila 1,000 wanafariki kabla ya miaka mitano; ule wa 2022 ukakuta 41. Badiliko hilo pekee linaupandisha wastani bila mzee yeyote kuongezewa siku. Kinyume chake tulikiona miaka ya 1990, Ukimwi ulipowachukua watu wa miaka thelathini na kitu. Wastani wa nchi ukaanguka, na nyumba ngapi hapa Pwani nyanya ndiye aliyebaki akilea wajukuu? Ukisoma namba bila kuuliza ya nani, utadhani nchi haikuwa na wazee, na wazee ndio walioshika nyumba.

Hili lingekuwa la kuchekesha tu kama lisingeingia kwenye sera. Nimesikia mtu mzima na elimu yake akisema zile shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee waliotimiza miaka 70, ni pesa za maiti, kwani "nani hapa anafika sabini?" Wanafika wengi. Anayepanga mafao ya wazee anatakiwa kuuliza: aliyekwisha fika 60 amebakiwa na miaka mingapi? Kwa Kenya jibu ni zaidi ya kumi. Ile 60.6 inamfaa zaidi anayepanga chanjo, maji safi na wodi za uzazi, maana inavutwa sana na vifo vya wadogo.

Na kuna ami mmoja, ana miaka 68, aliyeacha kwenda kliniki ya presha kwa hoja kwamba muda wake ulikwisha zamani, sasa yuko kwenye nyongeza. Shikamoo, ami. Ile 60.6 wamo watoto ambao hawakuwahi kutembea, na wewe umewapita kwa miaka 68. Mstari wako katika jedwali unaanza na wanaume waliofika 68, na mbele yao bado kuna miaka. Hizo dawa za presha nazo zimejaribiwa kwa watu wa umri wako, na hata kwa waliopita 80, zikapunguza kiharusi.